Kuchagua Raifo ya Kuwindia ya Risasi Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye leseni ya silaha au walio mbioni kuiomba, wanaotaka raifo ya kuwindia na wamevutiwa na ile ya risasi moja, isiyo na magazini (kihifadhi cha risasi za akiba). Ukurasa unaanza na mambo ya msingi, halafu unaingia kwenye yale yanayomkuta mtu akiwa dukani na porini. Jibu likishatolewa mahali pengine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Bunduki ya risasi moja ni ipi hasa?

Ni raifo isiyo na magazini kabisa. Unatia risasi moja kwenye chemba kwa mkono, unafunga, unapiga, unafungua, ganda linatoka, unatia nyingine. Watu huichanganya na raifo ya bolti (chuma cha kusukuma na kuvuta kinachoingiza risasi kwenye chemba) kwa sababu nayo hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya bolti risasi nyingine tatu au nne zinasubiri chini, na kwenye hii iliyobaki iko mfukoni mwako.

2. Kwa nini mtu aache magazini na kuchukua risasi moja?

Kwanza ni ufupi. Raifo ya bolti inahitaji nafasi ya bolti kwenda mbele na kurudi nyuma, na nafasi hiyo ni urefu mtupu. Ukiiondoa unaokoa karibu sentimita 10. Ndiyo maana Ruger No. 1, raifo ya Kimarekani ya risasi moja, yenye mtutu wa inchi 26 inalingana kwa urefu na bunduki ya bolti yenye mtutu wa inchi 22 hivi. Unapata kasi yote ya mtutu mrefu na bado unapita kwenye vichaka vya miombo bila kunasa kila tawi.

Pili ni wepesi, hasa kwa zile za kukunja (swali la 5). Blaser K95 ya Ujerumani ina uzito wa takribani kilo 2.5, na anayepanda milima siku nzima anajua maana ya kilo moja iliyopungua begani. Tatu, ukiifungua unaona kwa macho kama ina kitu au haina, na hata mwenzako aliye hatua kumi kutoka ulipo anaona.

La nne ndilo lililonifanya niipende. Mtu mwenye risasi moja husogea karibu zaidi, husubiri mnyama ageuke ubavu, na hukubali kurudi kambini mikono mitupu kuliko kupiga kwa kubahatisha. Kama unajijua huna subira hiyo na huna nia ya kujifunza, nunua ya bolti, maana mnyama aliyejeruhiwa akatokomea ni hasara kwa kila mtu.

3. Je, si gobole hilo hilo?

Gobole hupiga risasi moja, ila mengine yote ni tofauti. Gobole hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa, kisha gololi au vipande vya chuma. Mtutu wake hauna mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo shabaha ni ya karibu sana. Mengi yametengenezwa kienyeji kwa bomba la maji, na yamewakata watu vidole na kuwapofusha. Raifo tunayoizungumzia hutiwa risasi kwa nyuma, ina mifuo ndani ya mtutu, na imejaribiwa kiwandani kwa nguvu kubwa kuliko ile utakayoitumia.

4. Bunduki za namna hii zimewahi kutumika Afrika Mashariki?

Sana. Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania, aliwinda kwa miaka mingi na raifo ya risasi moja ya mtambo wa Farquharson (swali la 5), kaliba (kipimo cha risasi) .461 ya Gibbs. Mtambo huo ulipewa hataza mwaka 1872. Selous aliuawa Beho Beho, Januari 1917, na kaburi lake liko hukohuko porini.

Upande wa vita, askari wengi wa Wajerumani waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 walibeba Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja na baruti nyeusi. Kila walipopiga, wingu la moshi lilionyesha walipo. Hata hivyo vita vya Tanga walishinda wao.

## Mitambo

5. Kuna mitambo ya aina gani?

Sokoni utakutana hasa na miwili. Wa kwanza ni wa bloku inayoshuka: ukivuta wenzo ulio chini ya kifyatulio, kipande kizito cha chuma kinachoziba chemba kinateremka wima na kuacha njia wazi. Farquharson ni wa ukoo huo. Kadhalika Winchester 1885 iliyobuniwa na John Browning, na Ruger No. 1 iliyozinduliwa mwaka 1967.

Wa pili ni wa kukunja, unaovunjika katikati kama shotgani. Humu kuna za bei nafuu kama Handi-Rifle ya H&R, ambayo uzalishaji wake ulisimama mwaka 2015, na CVA Scout. Kuna pia za kifahari za Kijerumani kama Blaser K95 na Merkel K1.

Martini, Sharps na Remington Rolling Block ni mitambo ya karne ya 19. Leo wengi huinunua kwa mapenzi ya historia. Kama huo ndio ugonjwa wako, soma swali la 12 kabla hujatia risasi yoyote.

6. Upi ni bora?

Kwa kaliba nzito, bloku inayoshuka. Chuma kimekaa wima nyuma ya risasi na kimeshikwa na kuta za bodi pande zote mbili, kwa hiyo hakiendi popote. Kwa mtu wa kutembea milimani akiwinda swala, nguruwe pori au kulungu, ya kukunja ni nyepesi, hufunguka vipande viwili ikaingia kwenye begi fupi, na ni rahisi kusafisha.

Mimi ningeangalia kifyatulio kabla ya mtambo. Kifyatulio kinachokwaruza au kinachotaka kuvutwa kwa nguvu nyingi kitaipeleka shabaha kando hata mtutu uwe bora namna gani. Kinachoachia kwa uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, kwa mkato mmoja bila kuburuza, kinafaa kuwindia.

7. Ipi ni salama zaidi: ya nyundo ya nje au ya ndani?

Zote ni salama kwa aliyejifunza, ila kila moja ina mahali pa kuangalia. Nyundo ya nje huonekana imeinuliwa au imelala, na hilo ni jema. Hatari iko pale unapoishusha taratibu kwa kidole gumba juu ya risasi hai huku jasho likikutoka. Ikiteleza, bunduki za zamani zitafyatuka. Mpya nyingi zina kipande cha kati kinachozuia hilo.

Ruger No. 1 ina kitufe cha usalama juu ya shingo ya kitako, mahali pale pale kinapokaa kwenye shotgani. Blaser ina utaratibu ninaoupenda kuliko yote: bunduki hutembea ikiwa na risasi lakini springi haijakazwa, na unaikaza kwa kusukuma kitelezi kwa kidole gumba unapokuwa tayari kupiga. Mnyama akiondoka, unakirudisha. Kwenye kuvuka korongo au kupanda mwamba, hata hivyo, toa risasi kabisa. Kwa bunduki hizi ni kazi ya sekunde mbili, kwa hiyo hakuna kisingizio.

## Kaliba na risasi

8. Nichague kaliba gani?

Anza na risasi zinazopatikana, ndipo utafute bunduki inayozipokea. Nimeona raifo nzuri sana zikikaa kabatini miaka kwa sababu mwenye duka hajawahi kuagiza risasi zake. Katika nchi zetu uwindaji wa kitalii umezifanya .30-06 na .375 H&H ziwe kaliba zinazojulikana kila kambi. Ukiishiwa, kuna uwezekano wa kupata kwa muuzaji mwenye kibali bila kusubiri meli.

Kwa swala pala na wanyama wa ukubwa huo, .243 inatosha. Kwa kongoni, nyumbu, kuro na ngiri, .308, 7x57 au .30-06 zinafanya kazi vizuri kwa risasi za ncha laini. Pofu ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, dume hukaribia kilo 900, na hapo .30-06 yenye kichwa kizito (kile kipande kinachoruka) ndiyo ya chini ninayoweza kumshauri mtu. .375 ni bora zaidi.

9. Je, kaliba moja inaweza kufanya kazi zote?

Kama utakuwa na bunduki moja maishani, .375 H&H ya mwaka 1912 haijapata mpinzani wa kweli. Husukuma kichwa cha gramu 19 kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde, na kwa wanyama wadogo haiharibu nyama kama watu wanavyohofia. Gharama yake ni teke, yaani bunduki kukusukuma begani inapofyatuka (swali la 16), na bei ya risasi. Asiyewinda wanyama hatari hana haja ya kujibebesha mzigo huo.

10. Naweza kuwinda nyati nayo?

Kisheria Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na Ruger No. 1 imewahi kutengenezwa kwa .375 H&H, .416 Rigby na .458. Kwa nguvu, basi, haina upungufu.

Shida ni dakika zinazofuata. Dume la nyati lina uzito wa kilo 600 hadi 800 na mara nyingi haangukii pale alipopigwa. Huingia kichakani, na anaweza kugeuka akasubiri kwenye nyayo zake mwenyewe. Wakati huo mwenye magazini anavuta bolti, na wewe unapapasa mfuko. Wapo wawindaji wenye uzoefu wanaofanya hivyo vizuri. Lakini huwa pembeni yao yuko mwindaji bingwa mwenye .458 au bunduki ya mitutu miwili, na wote wawili wameshakubaliana nani atapiga lini.

Nyati wako wa kwanza usimwendee na risasi moja. Na kumfuata aliyejeruhiwa kichakani ukiwa peke yako na bunduki hii, jibu ni hapana, hata kama unapiga shabaha vizuri kiasi gani.

11. Herufi R kwenye 7x65R au 9.3x74R ina maana gani?

Ina maana kitako cha ganda kina ukingo uliotokeza nje. Bunduki za kukunja hupenda ukingo huo kwa sababu kibano cha kuvutia ganda kinaushika kwa urahisi na ganda linatoka bila ubishi. Risasi zisizo na ukingo, kama .30-06, nazo hutumika kwenye bunduki za kukunja, ila hapo kibano kina vijino vidogo vya springi ambavyo uchafu huvizuia. Ukiwinda kwenye vumbi, ukingo ni faida ya kweli. Tatizo ni upatikanaji: 9.3x74R ni risasi bora sana, lakini hakikisha kwanza utaipata wapi.

12. Nimepata .45-70 ya zamani. Naweza kutumia risasi mpya za kaliba hiyo?

Simama hapo kwanza. .45-70 ilizaliwa mwaka 1873 kwa baruti nyeusi na bunduki ya jeshi la Marekani iitwayo Trapdoor Springfield. Leo risasi za jina hilo hilo hutengenezwa kwa nguvu za viwango vitatu: za bunduki dhaifu za zamani, za bunduki za wenzo za kisasa, na za mitambo imara kama Ruger No. 1. Zote zinaingia kwenye chemba moja. Risasi ya kiwango cha tatu kwenye bunduki ya kiwango cha kwanza inaweza kupasua mtambo mbele ya uso wako.

Soma maandishi ya kwenye boksi neno kwa neno. Yasipokuambia waziwazi kwamba zinafaa kwa mitambo ya zamani, ziache. Na bunduki yenyewe ikaguliwe na fundi bunduki mwenye leseni kwanza.

## Dukani

13. Nikague nini kwenye bunduki iliyotumika?

Hakikisha haina kitu. Kama ni ya kukunja, toa kipande cha mbao cha mbele, funga bunduki, shika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, kisha itikise juu chini na kushoto kulia. Bila kile kipande cha mbele, ulegevu uliokuwa umefichwa unasikika: mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, na unauhisi kwenye kiganja. Ukiusikia, rudisha bunduki kwa muuzaji na umshukuru.

Kama ni ya bloku, fungua na uangalie uso wa bloku pale sindano ya kufyatulia inapotokea. Tundu liwe la duara na safi. Likiwa limepanuka au limezungukwa na vijishimo vilivyochomwa, gesi imekuwa ikivuja nyuma. Mulika mtutu kwa tochi kutoka upande wa chemba: mifuo iwe na kingo kali hadi mwanzo kabisa, kwa sababu uchakavu huanzia hapo. Mwisho mwombe fundi apime nafasi ya chemba kwa vipimo vyake. Usikubali kuambiwa "iko sawa" kwa macho.

14. Kwa nini darubini yangu haikai vizuri kwenye Ruger No. 1?

Ni lalamiko la kila mwenye bunduki hiyo. Vishikio vya darubini viko kwenye mbavu iliyo juu ya mtutu, mbele ya mtambo, kwa hiyo darubini hukaa mbele kuliko kawaida na jicho linabaki mbali. Unaona duara dogo lililozungukwa na giza. Chagua darubini inayoruhusu jicho kukaa mbali, au tumia pete zilizopinda kurudi nyuma. Usinunue darubini kabla hujaijaribu juu ya bunduki yenyewe, ukiwa umevaa koti unalowindia.

15. Natumia mkono wa kushoto. Inanifaa?

Kuliko aina nyingine yoyote. Nyingi hazina upande: wenzo uko katikati, ganda hutoka nyuma au juu. Angalia tu kama kitako kimechongwa kwa shavu la kulia, kama ilivyo kwa baadhi ya za Kijerumani.

## Porini

16. Teke lake likoje?

Linategemea uzito na umbo la kitako. .375 kwenye Ruger ya kilo nne inavumilika. .45-70 yenye risasi kali kwenye Handi-Rifle nyepesi inaumiza bega na, baya zaidi, inakufundisha kufumba macho. Bunduki nyepesi ichukue kaliba ya wastani.

17. Nawezaje kutia risasi ya pili haraka?

Beba risasi moja ya akiba katikati ya vidole vya mkono unaoshika mbele, kati ya kidole cha kati na cha pete, kitako cha risasi kikitazama juu. Ukishapiga, fungua bila kuondoa bunduki begani ikiwezekana, acha ganda liruke, na ile ya vidoleni iteremke moja kwa moja kwenye chemba. Macho yabaki kwa mnyama. Fanya mazoezi nyumbani kwa risasi bandia mpaka mikono iende yenyewe. Nyingine ziwe kwenye mkanda, kila moja mahali pake. Zikiwa zimelundikana mfukoni na funguo, utachomoa funguo.

18. Kwa nini shabaha yangu inahama kutoka siku hadi siku?

Angalia unachoegemeza. Mbao ya mbele ya bunduki hizi imetenganishwa na kitako na hushikiliwa na mtutu au na fimbo iliyo chini yake, kwa hiyo mgandamizo hapo hubadilisha mahali risasi inapofika. Egemeza mbao, karibu na mtambo, na usiegemeze mtutu mtupu kwenye fimbo au tawi. Mbao ikivimba kwa unyevu wa masika, matokeo ni hayo hayo.

La pili: usihukumu bunduki kwa risasi tano za mfululizo. Mtutu mwembamba ukipata moto huhama. Piga moja mtutu ukiwa baridi, weka alama, rudi kesho upige nyingine kwenye karatasi ile ile. Kundi hilo la risasi za baridi ndilo linalokuambia nini kitatokea mbele ya mnyama.

19. Ganda likikwama?

Bolti ina nguvu kubwa ya kung'oa ganda kuliko wenzo au mkunjo. Risasi zenye shinikizo la juu kabisa, zikiachwa kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani, huongeza shinikizo hilo, na ganda hung'ang'ania chemba. Weka risasi kivulini, epuka zile za nguvu za mwisho, safisha chemba na siyo mtutu peke yake. Beba ufito wa kusafishia wa vipande, usukume ganda kutoka mbele ukiwa na uhakika kwamba limeshapigwa. Usiupige wenzo kwa jiwe.

20. Naishi pwani. Kutu itaimaliza?

Ukiizembea, ndiyo. Hewa ya Tanga au Bagamoyo hula chuma hata ndani ya kabati. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiishika, usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, na toa mbao ya mbele mara kwa mara, kwani kutu hujificha chini yake.

## Sheria, dini na mambo ya pembeni

21. Leseni ya silaha inaniruhusu kuwinda?

Hapana. Ni vibali viwili tofauti. Tanzania Bara, kumiliki bunduki kunasimamiwa na polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayotaja mnyama, eneo na muda. Anza kwa kuuliza TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kama uwindaji wa wenyeji umefunguliwa katika eneo lako, ndipo ufikirie bunduki.

22. Na Kenya?

Uwindaji wa wanyamapori kwa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mkenya mwenye raifo halali anaweza kuitumia kulenga shabaha, au kuwinda nje ya nchi kwa vibali vya huko.

23. Nyama ya mnyama aliyepigwa risasi ni halali?

Mwislamu hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama hai humchinja. Aliyekufa kabla hujamfikia, wapo wanazuoni wanaomhalalisha kwa kuwa risasi hupenya, na wapo wanaokataa. Muulize sheikh wako kabla ya safari, na mweleze unatumia risasi ya namna gani. Kambini mwenye kisu awe amejulikana mapema, na awe karibu.

24. Bunduki yangu inakubali mitutu ya kubadilisha. Ninunue wa pili?

Thompson/Center Encore na Blaser K95 zimetengenezwa hivyo: bodi moja, mitutu ya kaliba tofauti. Inapunguza gharama, na mkono unazoea kifyatulio kimoja. Kabla hujalipa, uliza ofisi iliyokupa leseni mtutu wa ziada unaandikwaje, kwa kuwa leseni yako ina kaliba iliyotajwa na risasi unazoruhusiwa kununua zinafuata kaliba hiyo. Kila mtutu uwe na darubini yake. Ukihamisha moja kati ya miwili, itakubidi ulenge upya kila mara.